Nyimbo nne na biro

Nilipokuwa na miaka 15, taarabu kwangu ilikuwa kelele za harusini. Mimi na wenzangu pale Malindi tulikuwa watu wa rege. Likizo moja nikatumwa Lamu kwa ami yangu, basi hadi Mokowe, kisha boti, na mfuko wangu wa kaseti nikausahau chini ya kiti cha basi. Niliulilia kimoyomoyo kama aliyefiwa.

Ami alikuwa na redio ya betri na kaseti moja, ya Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu na mpiga udi, ile ala ya nyuzi. Nusu kaseti, tuseme, maana upande wa pili alikuwa amerekodia matangazo ya mpira. Basi kila usiku baada ya isha tulikaa barazani, upande ule ukaimba, na ukiisha ami akaurudisha nyuma kwa biro ili betri zisimalizike. Nyimbo nne. Wiki ya kwanza zilinichosha. Wiki ya pili nikaanza kuusikia udi ukimjibu: yeye anamaliza mshororo, nyuzi zinaendelea na mazungumzo. Wiki ya tatu biro nilikuwa nimeishika mimi.

Kwa hiyo kijana ukinambia unatafuta msanii wako, nitakwambia kwanza acha kuruka. Simu ina nyimbo maelfu na kidole hakitulii. Kaa na nyimbo tatu au nne mwezi mzima, hata ukizichoka. Mimi nilizichoka kabla ya kuzipenda.

Halafu uliza maneno. Zein alizaliwa Lamu mwaka 1939, na ingawa maisha yake mengi ya muziki yalikuwa Mombasa, Kiamu, lahaja ya Lamu, hakikumtoka ulimini. Mimi na Kiswahili changu cha darasani nilikuwa napotea: mato kumbe ni macho, ndia ni njia, muyi ni mji. Nikaanza kuandika maneno nyuma ya daftari la hesabu. Na hata ukishayajua, bado kuna fumbo. Siku moja nilimuuliza ami kwa nini washairi wa taarabu wanahangaika na matunda na vyombo vya baharini. Akacheka.

"Mwanangu, hapa mtu hatajwi. Hutajwa tunda, hutajwa chombo. Mwenyewe akisikia, ajua."

Ami ndiye aliyenieleza pia kwamba baadhi ya mashairi yale ni ya Ahmed Sheikh Nabhany, mtu wa Lamu vilevile. Niliporudi Malindi nikayatafuta mashairi yake mwenyewe, bila kulazimishwa na mwalimu yeyote. Nawe mtafute mtunzi, si mwimbaji peke yake. Mara nyingi ndiye atakayekupeleka mbali zaidi.

Kuhusu kununua ala: subiri. Mimi nilijinyima nikanunua udi mkuukuu, nikagundua kwamba shingo yake haina alama za kukuonyesha pa kubana. Masikio ndiyo yanayokuongoza, na yangu hayakuwa tayari. Majirani walivumilia miezi miwili.

Na kama kwenu kuna kaseti za zamani, usizitie kwenye redio yenye vumbi. Futa kichwa cha redio, kile kichuma kinachogusa mkanda, kwa pamba na spiriti kwanza, kisha mtafute mtu azihamishie kwenye kompyuta. Ile ya ami nilipewa mimi baadaye. Redio yangu ikaitafuna, mkanda ukatoka umekunjamana kama tambi. Kilichosalimika ni dakika chache za ule mpira.