Faida ipo, hela ya kununulia mzigo haipo: jibu kwa muuza mafuta wa Majengo

Mkuu, umesema unauza mafuta ya alizeti pale soko la Majengo, wateja unao, kila dumu lina faida, lakini kila ukirudi kununua alizeti mtaji hautoshi, na sasa unahisi kijana wako wa dukani anakuibia. Kabla hujamfukuza mtoto wa watu, piga hesabu kwanza. Hii biashara nimeifanya hapa hapa Dodoma.

Tuseme gunia 10 umenunua kwa 50,000 kila moja, ni 500,000. Usafiri 30,000, kukamua 50,000, madumu matupu 24,000. Umetoa 604,000. Yametoka madumu 8 ya lita 20, na mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua) umewauzia wafugaji kwa 64,000 (hela ya mashudu wengi hawaiandiki kabisa, inaliwa juu kwa juu). Ukiitoa, inabaki 540,000, yaani kila dumu limekugharimu 67,500. Unauza 80,000. Faida ghafi ya mzigo mzima ni 100,000.

Sasa fungua droo. Madumu 5 yamelipwa taslimu, 400,000. Matatu wamechukua wale wa "mshahara ukitoka". Ukijumlisha na mashudu una 464,000. Faida ni ya kweli, lakini mkononi umepungukiwa 140,000 kuliko ulizotoa, na hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ni madeni. Daftari langu lina safu nne: jina, kiasi, siku aliyochukua, siku aliyoahidi kulipa. Hiyo ya nne usiiache wazi. Siku ikifika napiga simu, na dumu jingine hapati mpaka amalize la kwanza, hata awe shemeji.

Pango, posho ya kijana na leseni vinatoka kwenye ile 100,000. Marejesho ya mkopo wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) yaandike mbali: riba ndiyo gharama, mkopo wenyewe unarudisha tu hela ya watu, ila vyote vinatoka droo ile ile. Unga wa nyumbani usiuhesabu kama gharama ya duka. Jipangie kiasi cha mwezi, ujilipe hicho.

Na mavuno yakiingia, bei ikishuka, usikimbilie kukopa ujaze stoo wakati rejesho linaanza wiki inayofuata. Fuatilia kwanza hayo madumu matatu. Wakikulipa 240,000 yako unakuwa na 704,000: unanunua mzigo ule ule, na ya pango inabaki.