Jibu: Mguu kuwa mzito baada ya upasuaji wa nyonga kwa mwenye MS
Dada, pole kwa upasuaji. Umeuliza kama uzito wa miguu ulioupata wiki ya tatu baada ya kuwekewa nyonga ya bandia ni dalili kwamba multipo sklerosisi (MS), ugonjwa unaoharibu utando wa neva, imerudi kwa nguvu. Si lazima iwe hivyo, kwa kuwa neva zilizopoteza utando wake hupitisha ujumbe kwa shida joto la mwili linapopanda hata kwa nusu nyuzi, jambo ambalo daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza mwaka 1890. Kwa hiyo pima homa kwanza, kisha upimwe mkojo na kidonda kikaguliwe, maana maambukizi madogo huweza kuiga shambulio jipya. Mguu ukivimba au kuuma upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kama unatumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, usiiache ghafla. Misuli ikikakamaa, hata nyonga mpya inaweza kuchomoka. Mazoezi baada ya upasuaji nami niliyafanya alfajiri, dakika kumi kumi, feni ikiwaka ili mwili usipate joto, na magongo niliyaacha (mikono yangu ilichoka kabla ya miguu) nikaomba fremu ya kutembelea.