Kisumu kwa boti na wazazi: ile safari ya jioni ikatae

Mwalimu, usitume hizo pesa. Kama bado ziko kwa simu yako ziache hapo hapo, usome kwanza.

Umeandika kwamba mnatoka Nakuru likizo hii, wewe, mama watoto, wazazi wako na watoto wawili, na mnataka kuuona mji wa Kisumu mkiwa majini na mtu wa kuwaeleza historia yake. Umeuliza bei ya kawaida, hoteli nzuri karibu na ziwa, nguo za kubeba, na kama wazee wanaweza kupanda boti. Halafu mwishoni kabisa ukataja kwamba kuna broka mjini ameshawapangia safari ya saa kumi na moja jioni: jua likizama, viboko, bandari ya zamani na kisiwa cha Ndere, yote kwa mkupuo mmoja, mradi utume pesa zote leo awashikie nafasi. Hapo ndipo niliposhtuka. Maneno hayo niliuziwa mimi, kwa mpangilio huo huo, na nikalipa shilingi 14,000.

Pandeni asubuhi. Saa moja muwe mmeshakaa kwenye boti, saa nne muwe nchi kavu mnasubiri samaki wenu, ngege, wakaangwe. La wazee kupanda boti nitalifikia mwishoni; hayo mengine uliyouliza yasubiri.

Sababu ni upepo. Mchana jua linapasha nchi kavu haraka kuliko linavyopasha maji. Hewa ya juu ya mji inapata joto, inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Usiku inakuwa kinyume: nchi kavu inapoa mapema, upepo unatoka bara kuelekea ziwani. Wavuvi wa pale wameishi kwa mwendo huo tangu enzi za tanga. Alfajiri Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, huwa imetulia. Ikifika alasiri upepo wa ziwani umeshika, na kwa kuwa ghuba haina kina kirefu, mawimbi yake ni mafupi na yamesimama wima, yanagonga boti moja baada ya jingine bila kuipa nafasi ya kupumua. Mvua za radi za Kisumu nazo hupenda kupiga baada ya saa nane, saa tisa. Hayo yote broka anayajua. Mgeni ndiye hajui.

Sasa ongeza gugu maji. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, ukaingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 ulikuwa umefunga fukwe nzima nzima. Mwaka 1997 Kenya ilianza kuachilia wadudu maalum wa kuutafuna, ukapungua, lakini haukuisha. Hauna shina lililoshikilia ardhi. Unaelea, mizizi ikining'inia chini, na unakwenda unakopelekwa na upepo. Mji wa Kisumu umekaa mwisho kabisa wa ghuba, upande wa mashariki, kwa hiyo upepo wa mchana unausukuma mmea huo moja kwa moja kuelekea mjini. Njia uliyopita saa kumi na moja ikiwa wazi, saa moja usiku haipo tena. Kumejaa kijani tupu.

Ndivyo tulivyokwama.

Tulikuwa mimi, mke wangu, binti yetu mdogo na mama mkwe wangu, mwenyeji wa Bunyore, kwa Waluhya jirani na Kisumu. Unajua mkwe na mama mkwe wanavyokaa: salamu kwa heshima, kiti mbali, hakuna kugusana. Basi kwenye boti ile tulibanana magoti kwa magoti, kwa sababu broka alikuwa amechanganya kundi letu na kundi jingine ili boti ijae. Mama alitazama pembeni njia nzima. Nilisikia vibaya hata kabla ya hatari yenyewe kuanza.

Tuliambiwa tutang'oa nanga saa kumi na moja, tukaondoka karibu na saa kumi na mbili kwa kuwa kundi lile la pili lilikuwa bado linasubiriwa. Aliyeitwa mtaalamu wa historia alikuwa kijana wa kukusanya pesa, na hata angejua kitu, nani angemsikia kwa ule upepo na ule mngurumo wa injini? Bandari hatukuifikia. Jua lilizama nyuma ya wingu. Tulipogeuka kurudi, kati yetu na gati palikuwa na gugu upana wa uwanja. Kapteni akajaribu kulipenya kwa nguvu, mizizi ikajisokota kwenye propela kama uzi uliokaba cherehani, injini ikazima. Akaiinua, akakata kwa panga, akaiwasha, ikakabwa tena. Kwenye boti hapakuwa na kasia wala pondo. Tochi ilikuwa ile ya simu yake. Majaketi ya kujiokolea hayakutosha watu, na la saizi ya mtoto halikuwepo kabisa, ilhali broka alikuwa ameniandikia kwa ujumbe, nao ninao hadi leo, kwamba "kila mtu ana lake".

Giza likaingia. Wanyama wale tuliolipia kuwaona wana saa zao: mchana kiboko hukaa majini kupoza ngozi, usiku hutoka kwenda kula nyasi. Ukiwa umekwama karibu na ukingo saa hiyo, umekaa kwenye njia yake. Tuliwasikia wakikoroma upande wa mafunjo, hatukuwaona, na kapteni, ambaye hadi hapo alikuwa akicheka na kila mtu, akanyamaza. Binti yangu alikuwa amevaa jaketi la mama yake, limemzidi hadi magotini. Huwezi kumwambia mtoto asiogope wakati anaona mikono ya baba yake inavyotetemeka.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Watu wengi wa Bunyore wamekulia jirani na Wajaluo, naye anaongea Kijaluo safi. Alipoona taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wakitoka kwa kazi ya usiku, alisimama wima kwenye boti inayoyumba akawaita kwa lugha yao mpaka wakageuka. Wakatufunga kamba, wakatuvuta kwa kuzunguka lile gugu mbali kabisa, wakatushusha, na walichokubali kupokea ni pesa ya petroli tu. Mungu awabariki wale watu popote walipo usiku wa leo.

Na yule broka? Simu haipatikani. Usiku ule haipatikani, kesho yake haipatikani. Alipokuja kujibu aliandika, "Ziwa ni la Mungu, bosi." Ziwa ni la Mungu, sawa, lakini saa kumi na moja jioni ulipanga wewe! Boti isiyo na kasia ulichagua wewe! Ndere uliiuza wewe, na kisiwa hicho kiko upande wa Seme, mbali na mji, hata watu wengi huingilia ufuo wa Kaloka. Ni mbuga ya taifa tangu 1986, inataka siku yake yenyewe. Hakuna boti inayokupeleka Ndere, ikuonyeshe bandari na ikurudishe Dunga, ufuo wa wavuvi pale Kisumu, kati ya saa kumi na moja na giza. Anayekuuzia hivyo ameuza kitu asichonacho.

Nimekuja kuelewa kwa nini wanasukuma jioni. Asubuhi broka bado yuko steji akitafuta wateja. Anahitaji mchana mzima kukusanya makundi mawili matatu ayatie kwenye boti moja. Anayefika ufuoni asubuhi anaongea na kapteni mwenyewe, na hapo broka hana chake.

Atakuambia picha za jioni ni nzuri. Hilo ni kweli na sitalipinga: mji uko mashariki, jua la jioni linaupiga usoni, na asubuhi ukiupiga picha kutoka majini mwanga unakujia machoni. Pigeni basi picha za wavuvi, za ndege, za nyuso za wazee wenu. Na kuna watakaosema walikwenda jioni wakarudi salama wakicheka. Nafurahi kwa ajili yao. Jioni nyingine ziwa hutulia. Ila wewe unabeba wazee na watoto, na upepo wa siku hiyo hauwezi kuuchagua ukiwa Nakuru. Wala asije mtu hapa akasema watu wa Nakuru hatujui maji. Ziwa letu la Nakuru lilipanda likameza lango kuu la mbuga na nyumba za watu. Maji tunayajua vizuri sana, ndiyo maana napiga kelele.

Tulirudi baadaye, asubuhi, na mama mkwe akakubali kupanda tena. Natamani sana wazazi wako waone tulichoona, kwa sababu Kisumu ni mji uliojengwa ukitazama maji, na ukibaki barabarani huuelewi. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika hapa Desemba 1901, mahali wakapaita Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Ikaishia hapo, ukingoni. Hadi reli ilipofika Kampala mwaka 1931, aliyekwenda Uganda alishuka treni Kisumu akapanda meli. Kapteni wetu wa asubuhi alizima injini mbele ya bandari, mbali kidogo kama inavyotakiwa, tukasikia kila neno. Alitueleza habari za William Mackinnon, meli iliyoletwa vipande vipande, wapagazi wakibeba mizigo yake kabla reli haijafika, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1900. Akatueleza habari za MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966 ikibeba mabehewa ya treni ndani yake, ikalala miaka mingi, ikarudi kazini 2019. Akaonyesha kwa mkono maji ambayo miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilitua juu yake, abiria wa kutoka London wakishukia ziwani. Baba yako akiwa na umri ninaoudhania, amewahi kusafiri kwa zile treni za Kisumu. Mpe nafasi azungumze. Mama mkwe wangu alizungumza asubuhi nzima, na mimi nikajifunza kutoka kwake zaidi ya nilivyojifunza kwa kapteni.

Pale Dunga asubuhi hiyo mtawakuta wavuvi wa usiku wakishusha samaki na kina mama wakipigania bei. Kwenye mafunjo kuna ndege mweusi mgongoni, mwekundu tumboni, mwenye utosi wa manjano, ambaye makao yake ni mafunjo tu. Ukikata injini anaimba karibu nawe. Viboko pia mtawaona, masikio na pua juu ya maji, mkiwa mbali nao na kukiwa na mwanga wa kutosha. Msimruhusu kapteni asogee ili mpate picha, na boti isipite kati ya kiboko na nchi kavu.

Wazee wanaweza kupanda, ndiyo, wakishikwa mkono kwenye gati. Majaketi yavalishwe kabla mguu haujaingia botini, na ya watoto yajaribiwe nchi kavu: mwinue mtoto kwa mabega ya jaketi, likimpanda usoni ni kubwa, ombeni jingine au msiondoke. Angalieni kasia kwa macho yenu. Ulizeni watu wa BMU, kamati inayosimamia ufuo wa pale, kapteni ni nani na boti inabeba watu wangapi, mhesabu wenyewe. Pesa itoke mkishakaa botini, si leo.

Kama ulishamtumia broka, usimpigie kwa ugomvi. Mwambie tu kwamba boti ni saa moja asubuhi, inatokea Dunga, ni ya familia yenu peke yenu, na unataka jina na namba ya kapteni kabla ya usiku wa leo. Akianza kukueleza jinsi jua linavyozama vizuri, mwambie mtalitazama mkiwa mmekaa ufuoni.