Mradi wa utetezi uanzie kwa mwenye uamuzi

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii anapotakiwa kuandaa mradi wa utetezi, huvutwa kuchagua jambo pana, kwa mfano haki za wazee, kisha akafikiria mabango na fulana. Ushauri wangu, nilioupata nikiwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali ya manispaa moja hapa Tanzania, ni kujiuliza kwanza haki ambayo tayari imeandikwa inakwama kwenye meza ya nani.

Kwa wazee, maandishi yapo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo unajulikana na kila afisa ustawi wa jamii. Hata hivyo, niliwapokea mabibi na mababu wengi waliokuwa wamekwishalipia vipimo kwa sababu tu hawakuwa na kitambulisho cha msamaha, na jambo hilo liliniuma.

Ndipo nikafuatilia safari ya kitambulisho hicho hatua kwa hatua, nami ninakusihi ufanye hivyo kabla ya kuandika andiko lolote. Pale kwetu mzee alianzia serikali ya mtaa, akapewa na mtendaji barua yenye picha na muhuri, kisha akaileta kwa afisa ustawi wa jamii. Bibi mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alifungua fundo la kanga akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Muhuri ulikuwapo, lakini pa kubandika picha palikuwa patupu, kwa kuwa fedha ya picha alikuwa amenunulia dawa ya presha. Nilipowauliza wengine waliokuwa kwenye benchi, wengi wao walikuwa wamekwama papo hapo.

Kwa hiyo ombi letu likawa moja: manispaa iwapige wazee picha bila malipo, mtaani kwao, siku ya mkutano wa mtaa. Ombi la namna hiyo lina mtu wa kulijibu, na jibu lake ni ndiyo au hapana.

Usilibebe peke yako. Baraza la wazee la kata ndilo lililochagua maneno ya barua ya ombi, na mwenyekiti wake ndiye aliyeiwasilisha kwa diwani; mimi niliandaa takwimu kutoka kwenye rejista, kwa idhini ya msimamizi wangu na bila jina la mteja hata mmoja. Angalia pia kalenda: mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini halmashauri hupanga bajeti miezi mingi kabla, hivyo ombi linalofika Mei hukuta fedha zimekwishagawanywa.

Manispaa ilikubali kuanza na mitaa michache. Upungufu wa dawa dirishani haukuguswa na mradi wetu, na wazee walilisema hilo waziwazi kikaoni. Kabla sijaondoka nililiachia baraza nakala ya ombi, orodha ya mitaa ambayo haijafikiwa na cheo cha afisa anayepaswa kuulizwa, na msimamizi akapata nakala hizohizo kwa ajili ya mwanafunzi atakayefuata.