Injini ya Humvee kwenye gari la volti 12

Ukitaka kufunga injini ya Humvee (gari la jeshi la Marekani, lenye umeme wa volti 24) kwenye gari la volti 12, kubadilisha alternata (mashine ya kuchaji betri) peke yake hakutoshi. Hiyo dizeli ya GM ya lita 6.2 inayotoka kwenye Humvee ina vitu vikuu vinne vya volti 24: alternata, stata (mota ya kuwashia injini), hita plagi (plagi za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha) pamoja na kidhibiti chake, na solenoidi (sumaku ya umeme) ya kukata mafuta iliyo chini ya kifuniko cha juu cha pampu ya dizeli. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau. Ukiipa volti 12 inaweza isivute kufungua mafuta, injini ikazungushwa na stata mpaka betri zife bila kuwaka, nawe unaanza kumlaumu fundi wa pampu bure.

Hita plagi nunua mpya za volti 12, na rilei (swichi ya umeme mkubwa) inayoendeshwa na swichi ya kubonyeza inatosha. Kile kidhibiti cha jeshi kiache. Stata ya volti 12 huvuta ampea karibu mara mbili, kwa hiyo waya wa betri na wa ardhi viwe vinene kweli.

Ukiona kazi nyingi, acha injini na volti 24 zake, taa na redio zipitie kibadilishaji cha kushusha volti. Ila usichukue umeme wa volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili zinazotoa volti 24: moja itachajiwa kupita kiasi, nyingine itabaki na njaa.