Maswali na Majibu: Kula Nyama ya Moshi na Steki Mjini Kansas City

Barua nyingi zilizonifikia kuhusu migahawa ya nyama ya Kansas City zimeandikwa na watu waliohamia huko Marekani kwa masomo au kazi, na malalamiko yao yanafanana: mtu amekwenda akiwa na hamu, akarudi nyumbani bila kujua kama alihudumiwa vibaya au kama ni yeye ambaye hakuufahamu utaratibu. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Naona mabango ya grili na mabango ya babekyu. Je, yote si nyama ya kuchoma?

Yote ni nyama iliyopita motoni, lakini kazi ya moto katika grili si ile ya babekyu. Katika grili nyama hubanikwa juu ya moto mkali, mara nyingi unaozidi nyuzi 230 za Selsiasi, kwa dakika chache tu, na kwa hiyo mpishi huchagua sehemu laini za mgongo wa ng'ombe. Babekyu ya Kansas City hupikwa kwa moshi wa kuni za hikori au mwaloni, katika joto la taratibu la nyuzi 105 hadi 135 hivi. Kidari cha ng'ombe, ambacho ni msuli uliobeba uzito wa mnyama maisha yake yote, kimejaa kolajeni, yaani nyuzi ngumu zinazoshikanisha nyama; ukikibanika upesi utakitafuna kama mkanda wa ngozi, lakini kikikaa katika tanuri la moshi kwa saa 10 hadi 14, kolajeni hiyo hugeuka jelatini na nyama hulainika bila kusambaratika.

Ufundi huu mjini humo una mwanzilishi anayefahamika, naye anastahili kutajwa kila unapozungumziwa. Henry Perry, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Tennessee aliyewahi kufanya kazi katika majiko ya meli za mtoni, alianza kuuza nyama ya moshi katika kichochoro cha Kansas City mwaka 1908, akiwafungia wateja kwa magazeti. Alipofariki mwaka 1940 biashara ikashikwa na Charlie Bryant, na mwaka 1946 ikapokewa na ndugu yake, Arthur, ambaye jina lake liko mlangoni mwa mgahawa hadi leo. Mji huo ulikuwa na mnada mkubwa wa mifugo uliodumu kuanzia mwaka 1871 hadi 1991, kwa hiyo sehemu ngumu za nyama, ambazo wenye uwezo hawakuzitaka, zilipatikana kwa urahisi. Moshi na subira ndivyo vilivyozipa thamani.

Tulifika na mke wangu saa moja jioni tukaambiwa kidari kimekwisha, ilhali meza ya jirani ilikuwa imejaa kidari. Tulihisi kwamba tumebaguliwa. Je, tulikosea?

Ndugu yangu, siwezi kuipuuza hisia hiyo, kwa maana ubaguzi upo na anayeupata huutambua. Hata hivyo, kukwisha kwa kidari jioni ni jambo la kawaida kabisa katika migahawa inayoipika nyama hii kwa uaminifu. Kidari unachokila leo mchana kiliingia katika tanuri jana usiku. Kinapofikia joto la ndani la nyuzi 65 hadi 75, maji yanayovukizwa kutoka juu yake hukipoza kwa kiasi ambacho joto husimama mahali pamoja kwa saa kadhaa, na mpishi hana njia ya kukiharakisha isipokuwa kukifunga kwa karatasi au kuongeza moto, jambo ambalo lina madhara yake. Kwa hiyo idadi ya vidari vya siku huamuliwa kabla mteja wa kwanza hajafika, na saa tisa alasiri hakuna awezaye kuongeza kingine kwa ajili ya jioni.

Nendeni saa tano asubuhi milango inapofunguliwa, au pigeni simu kabla ya kutoka nyumbani na kuuliza ni nyama gani zimebaki. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa saa mbili usiku, katika mgahawa nisioutaja, kidari kilichopashwa moto hadi kikakauka, na ningeshukuru zaidi kama wangeniambia kwamba kimekwisha.

Nyama niliyoletewa ilikuwa nyekundu pembeni, nikairudisha nikidhani ni mbichi. Mhudumu alishangaa.

Alishangaa kwa sababu utepe huo wa waridi chini ya ganda jeusi ni alama ya moshi. Kuni zinapoungua hutoa gesi za nitrojeni ambazo huungana na mayoglobini, yaani protini inayoipa nyama rangi, na kuizuia isigeuke kahawia hata baada ya kuiva kabisa. Jambo la kuangalia ni mahali rangi ilipo: ikiwa pembeni huku katikati pakiwa kahawia, kula bila wasiwasi. Kuku wa moshi naye anaweza kuwa na rangi hiyo, na kwake kipimo cha usalama ni joto la ndani la nyuzi 74, wala si rangi.

Mimi ni Mwislamu. Rafiki zangu wa darasani wananialika mara kwa mara, nami huagiza kidari na maharage nikiamini kwamba nimeepuka nguruwe. Je, ni sahihi?

Dada, ninasikitika kukuambia kwamba huenda hukumwepuka, na maharage ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi. Katika migahawa mingi ya aina hii maharage hupikwa pamoja na mabaki ya nyama kutoka katika tanuri, na mabaki hayo yanaweza kuwa ya nguruwe. Mboga za majani huchemshwa mara nyingi na kipande cha mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi unaweza kuwa na mafuta yake, na wapo wanaokaangia viazi mafuta hayohayo. Soseji iliyoandikwa kuwa ya ng'ombe yaweza kufungwa katika utumbo wa nguruwe. Zaidi ya hayo, mbavu za nguruwe na kidari hulala katika tanuri moja, zikidondosheana mafuta, kisha hukatwa kwa kisu kimoja juu ya ubao mmoja.

Liko pia suala la kuchinja. Muhuri wa USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, huthibitisha kwamba nyama imekaguliwa, lakini hausemi neno lolote kuhusu namna mnyama alivyochinjwa. Kwa anayeshikilia halali, mahali pa uhakika ni mgahawa unaotangaza wazi kwamba nyama zake zote ni halali na kwamba nguruwe haingii jikoni. Waambie rafiki zako jambo hili kabla ya siku ya mwaliko. Rafiki wa kweli atabadilisha mahali, na kimya chako hakimfundishi kitu.

Nilipoingia tu, mfanyakazi alinipazia sauti kuniuliza ninataka nini. Je, nilikosea foleni?

Hukukosea. Katika migahawa ya babekyu ya Gates ya mjini humo, iliyoanza mwaka 1946, salamu hiyo ya sauti ya juu ni desturi ya nyumba, na anayekusalimu hivyo anakukaribisha. Soma ubao wa vyakula ukiwa bado mlangoni ili ukifika kaunta uwe tayari. Nyama huuzwa kwa uzito: nusu ratili, ambayo ni kama gramu 227, inamtosha mtu mmoja. Kama wanazo zile ncha za kidari zilizoungua, ambazo zamani zilikuwa masalio ya ubao wa kukatia na leo ni fahari ya mji, anza nazo.

Bakshishi ni kiasi gani?

Ukihudumiwa mezani, asilimia 15 hadi 20 ya bili. Usiione kuwa ni hisani, kwa kuwa katika mji huo, ambao umekaa katika majimbo mawili ya Missouri na Kansas, upande wa jimbo la Kansas mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, ilimradi bakshishi ijazilize kima cha chini. Ukijichukulia chakula mwenyewe kaunta, kiasi ni hiari yako.

Katika grili huniuliza steki yangu iiveje, nami hujibu "vizuri" kisha nikaletewa nyama kavu. Nijibuje?

Walikuletea kama walivyokuelewa: kwao kuiva vizuri ni joto la ndani la nyuzi 71 au zaidi, na hapo steki hupoteza maji mengi. Iliyoiva kiasi huwa nyuzi 60 hadi 63, nayo ina waridi hafifu katikati, ndiyo ninayokupendekezea. Mamlaka za chakula za Marekani hushauri nyuzi 63 kisha nyama itulie dakika tatu. Baga ni tofauti kwa sababu vijidudu vya juu ya nyama husagwa hadi ndani, hivyo yenyewe ifike nyuzi 71.

Je, ni utovu wa adabu kula nyama yao bila sosi?

La, na kwa kweli wapishi wengi hufurahi. Sosi ya Kansas City inayojulikana sana ni nzito na tamu, ya nyanya na molasi, ingawa ile ya Arthur Bryant's ina siki na paprika nyingi na haina utamu huo. Omba iletwe pembeni. Onja kwanza kipande chenye ganda jeusi kikiwa kitupu, kisha kile chenye mafuta, ndipo uchovye.