Kwa mnaoanza kazi ya kupima maji ya chini ya ardhi kwenye mpunga

Wadogo zangu, mwaka wangu wa kwanza niliharibu data ya miezi mitatu sababu nilikuwa napima kisima muda wowote nikifika, pampu imezimwa dakika kumi tu, naandika maji yameshuka kumbe kisima bado kinajijaza. Pima alfajiri kabla pampu haijawashwa, anzia alama ileile kwenye mdomo wa kisima, na linganisha na mwezi uleule wa mwaka jana, usilinganishe kiangazi na wakati wa mvua.

Sasa kubwa ni hili, maji yaliyovutwa na pampu sio yote yamepotea. Jaruba linavuja, na sehemu ya maji hayo inarudi kulekule chini, kinachoondoka jumla ni kile kinachopanda hewani kupitia majani na uso wa maji. Ndo mana utakuta shamba limechavangwa vizuri (udongo umevurugwa na maji mpaka ukaziba), halivuji, pampu inawaka masaa machache, watu wanaandika tumeokoa maji, halafu kisima kinazidi kushuka vilevile, sababu mlichopunguza ni kile kilichokuwa kinarudi. Kulowesha na kukausha kwa zamu mimi naipenda sana, unazamisha bomba lenye matundu kwenye udongo wa jaruba, maji ndani yake yakifika sm 15 chini ya uso wa udongo ndo unafungulia tena (mpunga ukitoa maua usiuache ukauke), inaweza kupunguza maji ya kumwagilia hadi asilimia 30 na mkulima anapona gharama za pampu. Ila usiseme maji ya chini yamepona kabla hujahesabu mvukizo, yaani hayo maji yanayopanda hewani.

Punjab ya India waligusa mvukizo wenyewe, sheria yao ya 2009 ilikataza kupandikiza kabla ya tarehe 10 Juni ili mpunga usikae majini kipindi cha joto kali kabla ya mvua za monsuni.

Na joto linaongezeka jamani, mvua inakuja kwa mkupuo inakimbilia mtoni kabla haijazama, ikichelewa kila mtu anawasha pampu wiki ileile, kwahiyo wastani wa mvua wa mwaka utakudanganya, angalia siku kwa siku.

Ukifika shamba jipya, kabla hujafungua laptop muulize mwenye kisima ameongeza bomba la kuvutia maji mara ngapi tangu achimbe, na uandike mwaka wa kila bomba, hiyo ndo historia ya maji kushuka.